Siri ya Wawili

Walimwengu wengi husadiki kuwa mapenzi ni jambo la watu wawili. Wawili wakipendana na kuridhiana, mlango ukafungwa na taa ikazimwa, yaliyo ndani huhesabiwa kuwa mali yao peke yao. Jirani akiuliza huitwa mdaku. Hakimu akiuliza huitwa mkorofi. Kauli hii ina nguvu, na sehemu yake kubwa ni haki, maana hapana utu pasipo faragha, na dola inayochungulia vyumbani mwa raia wake haijapata kumfanya mtu yeyote kuwa mwema. Hata hivyo liko swali ambalo kauli hiyo hailijibu. Je, wawili wale wako peke yao kweli? Au kila mmoja wao ameingia chumbani na wengine nyuma yake, asiowataja, na atatoka kwenda kwa wengine tena, ambao watapokea kitu kutoka kwake bila ya kujua kimetoka wapi?

Ni nadra swali hilo kuulizwa kwa uwazi na upole kama lilivyoulizwa katika picha ya sinema iitwayo La Ronde, yaani Mzunguko, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1950. Mtengenezaji wake, Max Ophüls, alizaliwa Saarbrücken, Ujerumani, mwaka 1902, katika jamaa ya Kiyahudi. Aliihama nchi yake mwaka 1933, akafanya kazi Ufaransa, kisha akakimbilia Marekani wakati wa vita. Aliporejea Ufaransa, hii ndiyo picha aliyoanza nayo. Uingereza iliipa tuzo ya filamu bora, na wakati huo huo wakaguzi wa mahali pengine waliikataa kwa kuiona kuwa najisi. Kitu kimoja kikisifiwa na kulaaniwa hivyo, yafaa kitazamwe kwa utulivu.

Chimbuko lake ni tamthilia ya Arthur Schnitzler wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufa mwaka 1931. Schnitzler alikuwa daktari kabla ya kuwa mwandishi, na jicho la daktari halikumtoka: aliangalia maradhi bila ya kumtukana mgonjwa. Tamthilia hiyo, Reigen, aliiandika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1900 alichapisha nakala 200 tu kwa gharama yake, akawagawia rafiki zake. Mwaka 1903 ikauzwa kwa watu wote. Na hata Desemba 1920 ndipo ilipochezwa nzima mbele ya watazamaji mjini Berlin. Waliohusika na mchezo huo walishitakiwa mwaka 1921 kwa kuvunja adabu, wakaachiliwa. Mjini Vienna, mwaka huo huo, wahuni waliingia katika jumba la mchezo wakafanya fujo, na matusi waliyomtupia mwandishi yalihusu Uyahudi wake kuliko kazi yake. Schnitzler akazuia tamthilia yake isichezwe tena, na mwanawe akaushika mwiko huo hadi mwaka 1982.

Mpango wa hadithi ni mwepesi kama mchezo wa watoto. Wako watu kumi, wanawake watano na wanaume watano, na mikutano kumi. Kahaba Léocadie anakutana na askari Franz. Franz anakutana na Marie, mtumishi wa nyumbani. Marie na Alfred, kijana wa nyumba ya kitajiri. Alfred na Emma, mke wa mtu. Emma na mumewe Charles. Charles na Anna, msichana wa hali ya chini. Anna na mshairi Robert. Robert na Charlotte, mwigizaji mwenye sifa. Charlotte na kabaila kijana, ofisa wa jeshi. Na kabaila huyo, baada ya usiku wa ulevi, anazindukana chumbani mwa Léocadie. Mzunguko umefungika. Kila mtu huonekana mara mbili, kila mara na mwenzi mwingine, na hapana hata mmoja anayejua kwamba yumo katika mzunguko.

Katika kuonekana huko mara mbili ndimo ilimo hekima ya kazi hii. Mtu akionekana mara moja tu, akisema anapenda, mtazamaji hana budi kumsadiki au kumshuku kwa kubahatisha. Akionekana mara ya pili, na mtu mwingine, akisema yale yale, hukumu huja yenyewe bila ya mhubiri. Franz ni mwoga na mwenye haraka mbele ya Léocadie. Mbele ya Marie ni bwana. Marie ni mnyonge mbele ya Franz. Mbele ya Alfred ana uwezo ambao yeye mwenyewe hakuujua. Alfred anampigia Marie kengele kama mtu anayeagiza maji ya kunywa, na saa chache za maisha yake baadaye anatetemeka mbele ya Emma kama mwanafunzi siku ya mtihani. Ni nani basi Alfred wa kweli? Filamu hii yasema kuwa ni wote wawili, na kwamba mtu hujua nusu yake kwa kuwa wale wanaoijua nusu ya pili hawakutani kamwe na wale wanaoijua nusu ya kwanza. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika mzunguko huu kila mtu ni mtungi kwa mmoja na kata kwa mwingine.

Wakaguzi hawakuyaona hayo. Katika jimbo la New York filamu ilinyimwa ruhusa kwa sababu ya kuharibu tabia njema, na shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoitengua amri hiyo mwaka 1954. Waliogopa mwili. Lakini mtu akiitazama picha hii kwa nia ya kuona mwili atarudi nyumbani na hasara, kwa kuwa haonyeshwi kitu. Mlango hufungwa, kamera hugeuka, muziki wa dansi wa Oscar Straus hushika nafasi. Katika mkutano wa mwigizaji na kabaila, mambo yanapokaribia, hutokea mtu na utepe wa filamu mkononi na mkasi, akaukata mbele ya macho ya mtazamaji. Mzaha huo una hoja ndani yake. Kilichokatwa kinafanana kwa watu wote kumi. Ni kile kile kwa askari na kwa kabaila. Kilichobaki, yaani maneno ya kabla na maneno ya baada, ndicho kinachotofautiana, na humo ndimo mema na maovu ya watu hawa yalimo. Mkaguzi aliyetaka kulinda adili angalikata maneno, akauacha mwili.

Maneno yenyewe yastahili kuchunguzwa. Emma anafika kwa Alfred amejifunika utaji, akisema atakaa dakika tano tu. Anataka aaminiwe kuwa jambo hili si desturi yake, na huenda ni kweli. Lakini namna ya kulisema imekwisha kuzoeleka duniani kabla yake. Alfred anashindwa katika jambo alilomwitia, na aibu inamwelemea. Hapo anakimbilia kitabu: anamsimulia Emma habari alizozisoma kwa Stendhal, za maofisa wa farasi walioshindwa vile vile mbele ya wanawake waliowapenda sana. Mtazamaji hucheka, na kicheko ni haki yake. Lakini msiba wa Alfred ni mkubwa kuliko ajuavyo. Katika saa ya aibu yake ya kweli, saa pekee ambayo angaliweza kusema neno lake mwenyewe, ameazima neno la mtu mwingine. Mshairi Robert, ambaye maneno ndiyo kazi yake, hafanyi vizuri zaidi. Mbele ya Anna anafurahia unyofu wa msichana kama fundi anavyofurahia mti mzuri, akifikiri juu ya kitu atakachochonga. Mbele ya Charlotte yeye ndiye anayekuwa mti. Sifa anazomwaga zingaliweza kumwangukia yeyote aliyekuwa amesimama pale.

Hapo ndipo penye kosa la msingi la mzunguko huu. Tamaa peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwa kuwa imo katika maumbile. Kosa ni kumwambia mtu mmoja maneno yaliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya yeyote. Mwanafalsafa Kant aliandika mwaka 1785 kuwa utu wa mtu usitumiwe kamwe kama chombo tu, bali uheshimiwe daima kama kikomo chenyewe cha tendo. Kwa kawaida amri hiyo hufikiriwa kwa mambo makubwa, kama utumwa au udanganyifu wa biashara. La Ronde yaonyesha namna yake ndogo, ya kila siku, isiyo na damu: mtu huwa chombo pale anapoambiwa neno lisilomhitaji yeye. Katika tamthilia ya Schnitzler, Léocadie anamtajia askari jina lake. Askari anapolisikia anacheka, kwa sababu hajapata kusikia jina la namna hiyo, akaenda zake. Léocadie hakudai ndoa wala mapenzi ya milele, alidai jina. Ni dai dogo kuliko yote yanayoweza kudaiwa na mwanadamu, na bado lilikuwa kubwa mno kwa mtu mwenye haraka ya kurudi kambini.

Mtu anaweza kupinga na kusema kuwa wote kumi waliridhia. Hapana aliyebakwa, hapana aliyefungwa kamba. Kila mmoja alikwenda kwa miguu yake. Na ikiwa Emma amemkosea Charles, Charles naye amemkosea Emma, basi deni limelipana na daftari ni safi. Hoja hii husikika mara nyingi, nje ya sinema kuliko ndani yake, na yahitaji jibu.

Kwanza, ridhaa ya wawili hufuta madai ya wawili hao tu. Haiwezi kufuta dai la wa tatu asiyekuwapo. Iko methali isemayo kuwa asiyekuwepo na lake halipo, na kama maelezo ya jinsi walimwengu wanavyogawana vitu haina kosa. Kama sheria ya adili haifai hata kidogo, kwa sababu asiyekuwepo ndiye hasa anayehitaji kutetewa. Aliyepo anao ulimi. Katika chumba cha Alfred, Charles hayuko. Katika chumba cha faragha cha mkahawa anamokula Charles na Anna, Emma hayuko. Kila mkutano umejengwa juu ya kiti kitupu, na wale wawili wanazungumza kana kwamba kiti hicho hakipo.

Pili, madeni hayafutani gizani. Ili deni limalizwe kwa deni, yapasa wadeni wote wawili wajue wanachodaiana. Emma na Charles hawajui. Tazama mkutano wao, ulio katikati ya mzunguko na ulio wa halali peke yake kati ya yote kumi. Wamelala vitanda mbalimbali, na kamera inawaangalia kwa kupitia saa ambayo mizani yake inakwenda huku na huku kati yao, kama hakimu asiyeweza kukata shauri. Charles anamwonya mkewe juu ya wanawake waliopoteza heshima yao. Anamtaka asifanye urafiki nao. Anamweleza hatari ya tabia zao kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti. Emma anasikiliza, anauliza maswali ya upole, na mtazamaji aliyemwona dakika chache zilizopita anajua kila swali lina sindano ndani yake. Baadaye kidogo Charles yuko na Anna. Nyani haoni kundule. Lakini Charles amekwenda mbali zaidi ya nyani, amefungua darasa la kufundisha makunde ya wengine. Wapenzi hawa wawili wa halali wangaliweza kusameheana iwapo wangalijuana. Usiku ule walikaribia: Emma aliuliza, na Charles alikuwa na nafasi ya kujibu kama mtu badala ya kujibu kama mwalimu. Nafasi ilipita, na saa ikaendelea kupiga.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo zito zaidi. Mzunguko una sura ya usawa. Kahaba na kabaila wanashikana mikono. Askari na mke wa tajiri wako katika mnyororo mmoja. Tamaa imewavua wote mavazi ya daraja. Wako waliosema kuwa huu ndio ujumbe wa tamthilia, kama zile picha za kale za Ulaya ambamo Mauti huongoza dansi ya mfalme na mkulima. Ni kweli kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili usawa huo ni wa farasi wa mbao juu ya bembea ya kuzunguka: wote huenda kwa mwendo mmoja, lakini waliowapanda hawakulipa nauli moja. Franz akichelewa ana adhabu ya kambi, kisha hurudi kwa wenzake. Marie akichelewa hupoteza kazi, na mtumishi asiye na kazi katika mji mkubwa wa mwaka 1900 alikuwa hana nyumba pia. Charles akimaliza chakula chake na Anna hulipa hesabu ya mkahawa na kurudi kitandani kwake penye heshima. Katika tamthilia anamtaka Anna aishi kwa adabu ili aendelee kumwona, yaani anamtoza uaminifu ambao yeye mwenyewe hanao. Kabaila huvaa upanga wake na kuondoka asubuhi. Léocadie hubaki chumbani. Mzunguko ulianza kwake na ukaishia kwake, na katika hadithi nzima yeye peke yake ndiye ambaye hapana aliyemdanganya kuwa anapendwa, kwa sababu hapana aliyeona haja ya kusumbuka.

Basi mtu akisema kuwa wote wameridhia sawasawa, yapasa aulizwe: ridhaa ya nani ilikuwa na mlango wa kutokea? Tendo moja likifanywa na wawili wasiolingana huwa matendo mawili. Wazazi wanaowahusia wana wao wa kiume kwa kicheko na binti zao kwa machozi hulijua jambo hilo vizuri, ijapokuwa hawaliungami.

Sasa yafaa kumgeukia mtu ambaye hayumo katika tamthilia ya Schnitzler, na ambaye Ophüls amemwongeza. Anton Walbrook anamwigiza. Hana jina, ni mwongozi wa mchezo. Picha inapoanza anatoka ukunguni, anapita mbele ya jukwaa, anapita kwenye vyombo vya kupigia picha vya sinema, anajiuliza mwenyewe yeye ni nani katika hadithi hii, anavua koti lake na kuvaa nguo za jioni za mwaka 1900. Anaeleza kuwa watu huona upande mmoja tu wa mambo, na kwamba yeye huona pande zote kwa sababu huona kwa mviringo. Kisha anaizungusha bembea yake na kuanza kuimba. Katika kila hadithi huingia kwa vazi jingine: mara mpiga tarumbeta wa kambi, mara mhudumu wa mkahawa. Alfred anaposhindwa na Emma, bembea huharibika, na mwongozi anaonekana akiitengeneza, amekereka kama fundi.

Mtu huyu anapendeza, na ndiyo sababu wachache humuuliza swali linalompasa. Anajua kila kitu. Amefanya nini kwa ujuzi wake? Anamtembeza Marie kutoka wakati mmoja hadi wakati mwingine, kutoka mikono ya Franz hadi nyumba ya Alfred, kwa maneno laini, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Hamzuii. Hamwonyi Anna juu ya Charles, wala hamwambii Charles kuwa nyumba yake ina ufa. Anachotengeneza ni mashine, ili mzunguko usisimame. Kujua kwake hakumfungi kwa wajibu wowote.

Mwongozi mwenyewe, alipokuwa akijiuliza yeye ni nani, alijibu kuwa yeye ni yeyote miongoni mwa watazamaji. Jibu hilo hupokewa kwa tabasamu, lakini lina mashitaka ndani yake. Mtazamaji naye anaona kwa mviringo. Anajua alikotoka Alfred na anakokwenda Emma. Anacheka penye uongo kwa kuwa ameuona ukweli dakika tano kabla. Raha yake yote imejengwa juu ya ujinga wa wale kumi. Siku akitoka sinema na kurudi katika maisha yake, huwa amerudi ndani ya mduara, na hapana tena mwongozi wa kumwonyesha pande zote. Hapo ndipo swali la adili huanza kwa kweli. Mtu asiyeweza kuona mzunguko mzima ana wajibu gani kwa wale wasioonekana?

Ophüls hakulijibu swali hilo kwa filamu moja, na yeyote anayemhukumu kwa La Ronde peke yake humwonea. Miaka miwili kabla, mwaka 1948, alikuwa ametengeneza Marekani picha ya Letter from an Unknown Woman, kwa hadithi ya Stefan Zweig, nayo pia ni ya Vienna ya mwaka 1900 na karibu yake. Mle hapana mzunguko. Lisa anampenda mpiga piano mmoja tangu utoto wake hadi kifo. Mwanamume anakuwa naye kidogo, anamwacha, mtoto anazaliwa asimjue, na miaka baadaye anamtongoza tena bila ya kutambua kuwa ni yeye yule. Barua ya Lisa inamfikia akiwa Lisa amekwisha kufa. Mtu aliyedhani kuwa dawa ya mzunguko ni uthabiti tu hupata hapo fundisho gumu: uthabiti wa mmoja mbele ya usahaulifu wa mwingine ni njia ya mauti. Mwanamume huyo, baada ya kuisoma barua, anaacha kukimbia na kwenda kupigana na mume wa Lisa alfajiri ile. Anakubali kulipa. Ndiyo mara ya kwanza katika hadithi nzima anamwona mwanamke aliyekuwa mbele yake, na mwanamke hayupo tena kuonwa.

Kisha mwaka 1953 ikaja picha ya Madame de..., na humo mzunguko umerudi, lakini kinachozunguka sasa ni hereni. Mume, jenerali, alimpa mkewe Louise hereni kama zawadi ya arusi. Louise anaziuza kwa siri kwa sonara ili alipe madeni, akasema zimepotea. Sonara anamrudishia jenerali kwa bei. Jenerali anampa hawara wake anayesafiri. Hawara anazipoteza katika kamari. Balozi wa Kitaliani anazinunua. Balozi anampenda Louise na kumpa hereni zile zile. Zilipotoka kwa mume zilikuwa kitu cha kuuzwa. Ziliporudi kutoka kwa mpendwa haziuziki tena. Kitu hakikubadilika hata chembe; kilichobadilika ni mtu anayemkumbuka aliyekitoa. Na kinachowaangamiza wapenzi hao ni uongo wa Louise juu ya alikozipata. Alimficha balozi wale waliotangulia, na balozi alipowagundua, hereni zikawa tena chuma na mawe.

Picha hizo mbili zikiwekwa kando ya La Ronde, jibu huanza kuonekana. Katika mkutano wa mwisho wa mzunguko, kabaila, mtu aliyekwisha kumwambia Charlotte kuwa mambo yanayosemwa sana duniani ndiyo hasa yasiyokuwapo, anaamka chumbani mwa Léocadie asikumbuke usiku ulivyopita. Anamwangalia akiwa usingizini. Anatamani iwe kwamba hakufanya naye lolote ila kumbusu macho. Ni nia dhaifu, ya mlevi, iliyochelewa, na Léocadie anapoamka anamweleza ukweli. Lakini kwa muda ule mfupi mmoja wa wale kumi amesimama mbele ya mwenziwe bila ya kumtaka kitu. Amemtazama, wala hakuwa na neno la kuazima. Ikiwa uko mlango wa kutokea katika mduara, uko hapo, na kabaila alipita mbele yake akaona mwanga wake akaenda zake.

Wajibu kwa wasioonekana, basi, hauanzi kwa kuwajua. Hapana awezaye kuwajua. Huanza kwa kumwona huyu mmoja aliyepo kuwa mtu mwenye jana na kesho, aliyetoka kwa watu na atakayerudi kwa watu. Askari angaliyatambua hayo asingalicheka jina. Charles angaliyatambua asingalimhubiria mkewe na kumtoza Anna. Anayemtendea aliyepo kwa utu amekwisha kuwatendea wengi asiowajua, kwa kuwa yule ataondoka na heshima aliyopewa, au na dharau, na kuichukua hadi nyumba nyingine. Kila kitu hupita katika mzunguko: maradhi hupita, uongo hupita, maneno yaliyoazimwa hupita. Hapana sababu ya kudhani kuwa wema peke yake hukwama.

Wakaguzi wa miaka ya 1950 waliuliza kama yafaa kuonyesha watu kumi wakipendana ovyo. Swali hilo limekwisha kuzeeka, na mahakama imelizika. Lililobaki ni lile la Léocadie, ambaye miaka yote hii amekaa penye mwanzo na mwisho wa mduara akimwita askari anayekimbia, na anachotaka ni kuwa jina lake likumbukwe.